Maji Yalivyochemka Sindeni

Nilimwahidi mke wa mwalimu wangu kwamba nitamrudisha mumewe nyumbani. Tulikuwa tumekaa kwenye kibaraza cha nyumba yao pale Manundu, mjini Korogwe, yeye akichambua mchele kwenye ungo, mimi nikiwa na cheti cha ualimu ambacho kilikuwa hakijapata hata mkunjo. Nilikuwa nimepangiwa shule ya kijiji cha Sindeni, wilaya ya Handeni, na mumewe alikuwa akifundisha huko kwa mwaka wa pili. Mama yule hakuweza kumfuata. Alikuwa akimtunza mama yake mzazi aliyepofuka, na bibi huyo alikataa kabisa kuhamishiwa nyumba ambayo hajui mlango wake uko upande gani.

"Mwanangu," aliniambia, "Afisa Elimu amesema wazi. Aviweke kando vile vitabu vyake vya kale, afundishe kitabu cha shule kama wenzake, watoto wafaulu, naye arudi. Hilo nalo ni gumu?"

"Si gumu, mama."

"Basi kamwambie. Wewe ulikuwa mwanafunzi wake, atakusikia. Mimi ni mke tu, nasikilizwa nikisema chakula tayari."

Nikaahidi, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na ushee na niliamini kwamba jambo likiwa la haki na likielezwa vizuri, hutendeka.

Katika miaka ile neno "Mwalimu" likitajwa peke yake lilikuwa na mwenyewe, na nchi nzima ilimjua. Kwa hiyo huyu wetu tulimwita Mwalimu wa Sayansi, kwa urefu wake wote, hata alipokuwa akifundisha hesabu au akisimamia palizi. Jina alilopewa na wazazi wake silitaji. Yeye mwenyewe alikuwa na kanuni kuhusu majina, nami nitaieleza.

Alikuwa mtu wa milimani, Mshambaa, mfupi, mwenye sauti ndogo iliyolilazimisha darasa zima kunyamaza ili liisikie. Kaptula yake ya kaki ilipigwa pasi mpaka ikawa na makali. Hakukaa kitini akiwa darasani. Alisema kiti kimetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye amekwisha kujua.

Mali yake kubwa ilikuwa vitabu vitatu. Daktari mmoja Mzungu wa shamba la mkonge, alipokuwa akifunga mizigo yake arudi kwao, aliwaambia watu waingie nyumbani wachukue wanachotaka. Wengine walibeba viti. Mmoja alibeba kitanda na chandarua chake. Mwalimu wa Sayansi alitoka na vitabu vitatu kwapani, na walinzi wa lango wakamcheka. Havikuwa vitabu vya shule. Viliandikwa na watu wale wale waliogundua mambo, zamani sana, wakati ambapo hakuna aliyewaamini. Kimoja kilikuwa cha tabibu aliyeonyesha kwamba damu huzunguka mwilini. Cha pili kilikuwa cha mtu aliyetaka kujua kama funza huzaliwa na nyama au na nzi. Cha tatu kilikuwa cha mtu aliyepima uzito wa hewa kwa mrija wa zebaki, akaamuru mrija huo upandishwe mlimani ili aone kama hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya chini.

Vyote alivivika karatasi ya kaki, na kurasa zenye majina ya waandishi alizibana kwa gundi. Tulipomuuliza kwa nini, alijibu: "Ukilijua jina, utaanza kuheshimu. Ukishaheshimu, hutauliza." Kwa hiyo kwetu sisi vilikuwa Kitabu cha Damu, Kitabu cha Funza na Kitabu cha Hewa, na waandishi wake wote watatu waliitwa "huyu bwana."

Nilisoma kwake Korogwe, miaka michache baada ya Uhuru. Alisoma sentensi moja kwa Kiingereza, akafunga kitabu kidole kikiwa ndani, akaisema tena kwa Kiswahili, kisha akauliza: "Huyu bwana anajuaje?" Hapo ndipo kazi ilipoanza. Hatukuendelea mpaka tumegombana na yule bwana, tumemshuku, tumejaribu kumkamata na kosa. Mara nyingine tulimkamata kweli, na Mwalimu wa Sayansi alifurahi kama mtu aliyepata mjukuu. "Mnaona? Hata yeye alikosea hapa. Na bado akafika." Kuhusu kitabu cha shule, chenye picha ya rangi na maswali mwishoni mwa sura, alikuwa na neno moja tu: "Huo ni ugali uliokwisha tafunwa na mwingine. Unashibisha, lakini meno yako yatafanya kazi gani?"

Siku tuliyosoma habari za mishipa, alitufunga mikono juu ya kiwiko kwa kamba za mkonge, kama yule tabibu alivyofanya kwa kitambaa. Mishipa ikavimba. Tukaambiwa tuibonyeze kwa kidole na kusukuma damu kuelekea vidoleni, nayo ikakataa kwenda. Tukasukuma kuelekea begani, ikaenda. Mwenzetu mmoja alipiga kelele, "Mwalimu, kuna mlango ndani!" Mwalimu wa Sayansi akakifungua kitabu, akatusomea mahali ambapo huyu bwana naye alikuwa ameukuta mlango huo. Sikumbuki somo jingine lolote la mwaka ule lililonifanya niutazame mkono wangu usiku kucha.

Jaribio la funza halikupokewa hivyo. Aliomba mabaki ya nyama kwa mchinjaji, akayaweka katika makopo mawili, moja wazi na moja limefunikwa kwa kipande cha chandarua, akayapanga dirishani mwa darasa. Siku ya tatu mwalimu mkuu aliingia ameshika leso puani.

"Bwana, hii ni shule au ni jalala?"

"Ni somo, Mwalimu Mkuu. Tunangoja funza."

"Unangoja funza?"

"Katika kopo hili, ndiyo. Katika lile tunangoja wasije."

"Kitabu kinasema nini kuhusu funza?"

"Kinasema hutoka kwa nzi."

"Basi wasomee! Kimekwisha sema, unataka nini zaidi? Wazazi wanadhani kuna mtu amefia humu ndani."

Sisemi kwamba harufu ile ndiyo iliyomhamisha. Nasema tu kwamba vijiji vipya vya Handeni vilipohitaji walimu wazoefu, jina lake halikuchelewa kupatikana.

Naye hakunung'unika. Hapa ndipo watu wanapomkosea wanapomsimulia kama mpinzani. Aliiamini siasa ya Ujamaa kwa moyo wake wote. Katika shamba la kijiji alifika kabla ya wanakijiji, na jembe lake halikuwa la kupigia picha. Watu waliohamishwa kutoka vitongoji vyao vya zamani walipolalamika kwamba wameacha minazi na makaburi, aliwasikiliza, akawasaidia kuezeka, na bado akasema kwamba watoto hawawezi kusoma wakiwa wametawanyika porini. Alisema mtoto wa mkulima ana haki ya kuyapata mawazo makubwa kutoka kwa mwenyewe aliyeyawaza, bila dalali. Kwake yeye huo ulikuwa ujamaa. Wengine katika tawi la chama waliona ni kasumba, Mshambaa kuja kuwasomea Wazigua maneno ya Wazungu waliokufa zamani.

Jambo la pili ambalo wasimuliaji hulisahau ni kwamba alikuwa mwoga wa ofisi. Mtu huyu, aliyetufundisha kumshuku kila mwandishi, hakuweza kumshuku karani. Waraka wowote kutoka wilayani aliusoma amesimama. Mbele ya meza ya afisa, hata afisa mwenye umri wa mwanawe, mabega yake yalishuka na Kiswahili chake kikajaa "ndiyo, ndugu." Nilimwona akiwa hivyo mara nyingi, na kila mara niliona aibu kana kwamba nimemkuta akioga.

Nilipofika Sindeni nilikuta swali lake moja limeenea kijiji kizima: "Umeona au umeambiwa?" Watoto walilitumia mpaka likawa kero. Jioni moja balozi wa nyumba kumi, mzee wa Kizigua mwenye utani mwingi, alimjia tukiwa tunakunywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa.

"Wewe Mshambaa, mmeshuka na baridi yenu mkatuletea na maradhi."

"Maradhi gani, mzee?"

"Nimesimama mbele ya watu natangaza kwamba mahindi ya msaada yanakuja Ijumaa. Kitoto cha darasa la nne kinainua mkono. 'Babu, umeona au umeambiwa?' Watu wakacheka mpaka mkutano ukavunjika!"

"Na ulijibu nini?"

"Ningejibu nini? Nimeambiwa!" Mzee akanywa chai yake. "Na hayakuja."

Wakacheka wote wawili. Lakini balozi alipokuwa akiondoka aligeuka, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, angalia. Mimi ni mtani wako. Si wote watani."

Ahadi yangu niliitekeleza wiki hiyo hiyo. Nilimweleza Mwalimu wa Sayansi kila alichosema mke wake, nikaongeza hoja zangu za chuoni: kwamba mtihani ni mmoja kwa taifa zima, kwamba mtoto wa Sindeni anashindana na mtoto wa Korogwe mjini, na kwamba tukimnyima kitabu cha shule tunamfungia mlango wa sekondari kwa ajili ya furaha yetu wenyewe. Nilidhani atanipinga. Alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati.

"Unasema kweli," alisema. "Nitafundisha kitabu cha shule. Mwambie mama."

Akavifunga vitabu vyake vitatu ndani ya mfuko wa nailoni, akavitundika darini, mbali na mchwa. Siku iliyofuata aliingia darasa la saba na kitabu cha serikali. Nilisimama dirishani nimefurahi. Alisoma sentensi ya kwanza. Akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani. Akauliza: "Huyu bwana anajuaje?"

Sikuwa nimelitarajia hilo, wala sidhani kama yeye alilikusudia. Hakuwa na namna nyingine ya kufundisha. Tatizo ni kwamba kitabu cha shule hakikuandikwa kwa ajili ya kuulizwa. Hakikusema nani aliona, wala wapi, wala alikosea mara ngapi. Kwa hiyo watoto walilazimika kukijaribu wenyewe, ukurasa kwa ukurasa, na mahali pengi walikuta kinasema kweli. Mpaka walipofika kwenye sentensi isemayo kwamba maji huchemka kwa nyuzi mia.

Tulikuwa na kipimajoto kimoja, kilicholetwa ndani ya sanduku la vifaa kutoka wizarani. Zaina ndiye aliyekishika. Alikuwa binti wa darasa la saba aliyelelewa na bibi yake, mwepesi wa akili na mwepesi wa hasira, na katika shule yetu hakuna aliyekuwa na shaka kwamba kama kuna mmoja wa kwenda sekondari ni yeye. Waliinjika sufuria nyuma ya darasa juu ya mafiga. Maji yakatokota, yakaruka, na zebaki ikasimama.

"Tisini na nane," alisema Zaina.

"Ngoja," alisema Mwalimu wa Sayansi.

Wakangoja. Wakaongeza kuni. Wakabadilisha maji, wakaleta ya mvua. Kila mtoto aliinama akasoma mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na zebaki haikupanda.

"Kitabu kimekosea!" mmoja alipaza sauti.

"Au kipimajoto ni kibovu," alisema Mwalimu wa Sayansi. "Mtajuaje?"

Hawakuwa na njia ya kujua. Ndipo alipokishusha Kitabu cha Hewa kutoka darini, akawasomea habari za mrija uliopandishwa mlimani. Kwao Usambara, aliwaambia, maharage hukaa motoni karibu kutwa nzima, na mwanamke wa milimani akiolewa bondeni huyaunguza mwezi wa kwanza. Zaina alikuwa wa kwanza kuunganisha. Pale juu hewa ni nyepesi, haiyabani maji. Maji huponyoka kabla hayajapata joto lote. Sindeni iko juu kuliko pwani. Basi yule aliyeandika mia alichemsha maji yake karibu na bahari. Nilikuwapo. Sijapata kuona tena watoto wakifurahi hivyo kwa sababu ya sufuria ya maji matupu.

Mtihani ulipokaribia nilimwambia, "Mwalimu, swali la kuchemka kwa maji hutokea mara kwa mara. Waambie waandike mia."

"Nitawaambia."

Aliingia darasani, nami nikamfuata. Alisimama mbele yao. "Mtihani," alisema, "unaweza kuuliza maji safi huchemka kwa nyuzi ngapi. Mkiulizwa hivyo, mtaandika…" Akakohoa. Akatazama nje kwenye yale mafiga. "Mtaandika jibu," alisema, akatoka.

Swali lilitokea. Darasa zima liliandika tisini na nane.

Wasahihishaji walikuwa Tanga, na kwao jambo hilo lilikuwa na maana moja tu. Watoto wote wa shule moja hawawezi kukosea kwa namna moja, jibu lisilokuwa katika kitabu chochote, ila wamepeana au wamepewa. Matokeo ya Sindeni yakazuiwa. Mwalimu wa Sayansi akaitwa mkoani, na mimi nikaambiwa nimsindikize kama shahidi wa shule.

Ndani ya basi alikuwa mchangamfu kwa namna iliyonitia wasiwasi. Alikipakata kipimajoto kimefungwa katika kitambaa. "Hii ni bahati," alisema. "Nusu ya jaribio letu imekuwa ikitusubiri Tanga. Tukichemsha kule tukaona mia, kipimajoto kitakuwa kizima, na watoto watakuwa wamesema kweli. Kisha tunawaomba waje Sindeni, waone nusu ya pili."

"Na wasipokuja?"

"Atakayeona nusu ya kwanza atakosaje kuitaka ya pili?"

Afisa alitupokea vizuri. Alikuwa kijana nadhifu, hakuwa mkali, alikuwa tu na mafaili mengi. Mwalimu wa Sayansi, mabega yakiwa yameshuka, aliomba aletewe birika. Afisa alicheka, akamwita tarishi, na birika la chai la ofisi likachomekwa umeme. Maji yakachemka. Mwalimu wa Sayansi akatumbukiza kipimajoto, akainama kukisoma.

"Mia!" alisema. "Ndugu, tazama mwenyewe. Mia kamili!"

Afisa alitazama. Akarudi kukaa. "Ndiyo, ndugu Mwalimu. Ndivyo kitabu kinavyosema. Sasa watoto wako waliipata wapi tisini na nane?"

"Sindeni, ndugu. Hapa tupo pwani, hewa ni nzito. Kule juu…"

"Hewa ya Tanga ni nzito?" Afisa alimgeukia tarishi. "Umesikia? Kumbe ndiyo maana tunachoka."

"Ndugu, hata maharage, kule Usambara…"

"Sasa tumefika kwenye maharage." Afisa alitabasamu, kisha akaacha. "Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini sikukuita unifundishe. Nimeona maji kwa macho yangu, inatosha. Nina mambo mawili tu ya kuandika hapa. Moja, watoto waliibiana, na matokeo yao yote yafutwe. La pili, hawakuibiana, bali mwalimu wao aliwafundisha vibaya. Hapo watakosa alama ya swali hilo, na mengine yatahesabiwa. Ni lipi?"

Nilifungua mdomo niseme. Mwalimu wa Sayansi aliniwekea mkono gotini bila kunitazama.

"Mwalimu aliwafundisha vibaya," alisema. "Mimi ndiye."

"Kwa hiyo maji huchemka kwa nyuzi ngapi?"

"Mia, ndugu."

"Hata Sindeni?"

Birika lilikuwa bado linatoa mvuke. "Hata Sindeni," alisema.

Matokeo yaliachiliwa. Wanafunzi wanne walichaguliwa kwenda sekondari, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea katika shule yetu, na Zaina akapangiwa shule ya wasichana ya bweni huko huko Tanga. Pamoja na habari hiyo ilikuja amri. Mwalimu wa Sayansi asifundishe tena madarasa ya juu, apewe darasa la kwanza, na maombi yake ya uhamisho yasifikiriwe mpaka mwenendo wake uthibitike. Mwalimu mkuu aliagizwa kuwasomea wanafunzi, gwarideni, kwamba jibu la tisini na nane lilikuwa kosa na kwamba mwalimu mwenyewe amekiri.

Zaina alitoka mstarini. Hakuwa akivaa sare tena, alikuja kuaga, na kitenge cha bibi yake kilikuwa kirefu kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Maji yalichemka kwa nyuzi ngapi?"

"Kitabu kinasema mia."

"Sikukiuliza kitabu."

Nilimtazama Mwalimu wa Sayansi, nikaelewa ni kitanzi cha namna gani alichojifunga. Kama angesema kweli mbele ya watu mia na zaidi, neno lingefika Handeni kabla ya jua kuchwa, kisha Tanga, kwamba mzee yule amekana alichokiri, na faili lingefunguliwa upya pamoja na nafasi za wale wanne.

"Nenda shule, Zaina," alisema.

"Umetuonea haya," alisema binti yule, akilia kwa hasira. "Tuliona sote, nawe umekana." Akaondoka bila kumpa mkono.

Nilikwenda Manundu kumwambia mke wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amesimama mlangoni, na nyuma yake nilisikia bibi kipofu akiuliza ni nani aliyekuja.

"Ni mwenzake baba," alijibu. Kisha akaniambia, "Kwa hiyo alikifundisha kitabu cha shule."

"Alikifundisha, mama."

"Na alisema walichotaka aseme."

"Alisema."

"Na bado hawanipi." Alicheka kidogo, bila kelele. "Karibu ndani, mwanangu. Utakula ulichokikuta."

Baada ya hapo nilihamishiwa shule ya Magoma. Mwalimu wa Sayansi alibaki. Likizo kwa likizo alipanda basi kwenda kwake, na likizo ikiisha alirudi Sindeni kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza kushika penseli. Nasikia aliwafundisha vizuri sana. Nasikia pia kwamba hakuwauliza lolote.

Mwaka jana nilikwenda Sindeni kumwona. Nilimkuta amekaa kitini. Ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, naye aliona nimekiona, akasema, "Miguu." Mvi zilikuwa zimemjaa. Bibi kipofu alikuwa amekwisha kufariki, na uhamisho wa Mwalimu wa Sayansi ulikuwa hatimaye umekubaliwa. Mkewe alikuwa amemsafishia chumba. Lakini yeye hakuwa amekwenda.

"Mama anakungoja," nilimwambia. Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka.

"Najua."

"Basi unangoja nini?"

Alinieleza kwamba wale wanne wamemaliza kidato cha nne, na kwamba watatu walikuja kumsalimia, naye akawachemshia maji nyuma ya darasa, akawaacha wasome wenyewe. Walielewa. Mmoja aliomba radhi, jambo lililomuudhi. Zaina hakuja. Bibi yake alifariki binti akiwa angali shuleni, nyumba ikachukuliwa na wengine, na tangu amalize shule hakuna anayejua alipo. Akirudi, hana pengine pa kumtafutia mwalimu wake ila pale.

"Hasira zitamwisha, Mwalimu," nilisema.

"Hasira?" Alinitazama kwa mshangao, kama alivyokuwa akinitazama zamani nikikosa jambo jepesi. "Hasira zake zilikuwa sahihi. Ningefurahi kama angali nazo. Fikiri vizuri. Amekaa Tanga miaka minne. Wana maabara pale, wana vipimajoto. Lazima siku moja alichemsha maji."

Hapo nilielewa.

"Ameona mia," alisema. "Kwa macho yake. Ameona mia, akasema, kumbe mzee yule alisema kweli, kumbe siku ile nilikosea kusoma. Ndicho ninachokiogopa. Ataniamini."

Nilimuuliza kama naweza kuliandika jambo hili, kwa kuwa wale vijana wamekwisha maliza shule na hakuna tena awezaye kuwanyang'anya nafasi. Alifikiri, akasema niandike, ila jina lake nisilitie. Alisema ataanza safari ya kuhamia Manundu likizo ijayo. Alikuwa amesema hivyo, niliambiwa baadaye, na likizo iliyotangulia.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma. Ikiwa unamjua binti aitwaye Zaina, aliyesoma darasa la saba Sindeni na sekondari Tanga, mwambie kwamba siku ile alisoma vizuri, na ya kuwa mwalimu wake yupo bado. Mwombe aende Sindeni akamwone, ili mzee yule aweze kurudi nyumbani.